Damu ya raia si hesabu ya mezani

Na Katibu wa Kamati ya Msikiti, Mbagala

Usiku mmoja, baada ya swala ya Isha, tulikuwa tumeketi katika baraza la msikiti wetu huku Mbagala, wilayani Temeke. Muuza kahawa alikuwa bado hajaondoka, na katika duka lililo mkabala, luninga iliyotundikwa ukutani ilikuwa inaonesha mjadala wa kituo kimoja cha ng'ambo. Wachambuzi wawili walikuwa wakibishana juu ya vita vya Gaza, na kijana mmoja wa chuo alikuwa akiwafasiria wazee. Huyu anasema raia waliouawa ni wengi mno. Yule anasema si wengi ukilinganisha na vita vingine, na kwamba kila vita vina gharama yake.

Bibi mmoja, mkazi wa Mbagala Kuu, alikuwa amekuja kutoa mchango wake wa mfuko wa maziko. Alisimama akasikiliza, kisha akanigeukia.

"Katibu, mwanangu, hebu nieleweshe. Hawa wanagombania idadi. Kwani idadi ikipungua, damu inakuwa halali?"

"Hapana, bibi," nikamjibu.

"Basi wanabishania nini?"

Sikuwa na jibu la kumtosheleza. Nilimwandikia stakabadhi yake, akaniombea dua, akaenda zake. Makala haya ni deni la usiku ule.

Inafaa msomaji ajue kwamba bibi huyu haulizi mambo ya kusimuliwa. Tarehe 29 Aprili 2009, ghala la silaha katika kambi ya jeshi iliyopo Mbagala lililipuka, na mabomu yakaruka hadi kwenye makazi ya watu. Zaidi ya watu 20 walifariki, mamia walijeruhiwa na maelfu ya nyumba ziliharibika. Usiku wa tarehe 16 Februari 2011, msiba wa namna hiyo hiyo uliwafika ndugu zetu wa Gongo la Mboto. Bibi anasimulia kwamba siku ile ya Mbagala alimshika mkono mtoto akidhani ni mjukuu wake, akakimbia naye hadi Rangi Tatu. Walipopumzika ndipo akatambua kuwa ni mtoto wa jirani. Mjukuu wake mwenyewe alirudishwa jioni, mzima, na mtu ambaye hadi leo hamjui jina.

Ile haikuwa vita, ilikuwa ajali. Lakini tangu siku hiyo watu wa Mbagala wanajua jambo ambalo wachambuzi wengi wa luninga hawalijui: bomu likiangukia makazi ya watu, halimwulizi mtu alikuwa upande gani.

Maneno ya mezani

Anayefuatilia mijadala hii ataona kwamba imejengwa juu ya maneno machache. Kuna "madhara yasiyokusudiwa", yaani raia alikufa lakini hakuwa ndiye mlengwa. Kuna "ngao za binadamu", yaani adui alijificha miongoni mwa raia, kwa hiyo lawama ni yake. Na kuna "uwiano", neno ambalo hutajwa sana na kueleweka kidogo.

Neno hili la uwiano lina asili yake katika sheria. Itifaki ya Kwanza ya mwaka 1977, iliyoongezwa kwenye Mikataba ya Geneva ya 1949, inakataza shambulio ambalo inatarajiwa litaleta vifo vya raia vilivyopita kiasi kulingana na manufaa ya kijeshi yaliyo dhahiri na ya moja kwa moja. Itifaki hiyo hiyo inawalazimisha wapiganaji kutofautisha baina ya askari na raia, na kuchukua tahadhari kabla ya kushambulia. Inasema pia kwamba upande mmoja ukivunja sheria, upande wa pili haupati ruhusa ya kuacha wajibu wake kwa raia. Kwa maana hiyo, hata pale adui anapojificha nyuma ya mtoto, mtoto habadiliki kuwa adui.

Hii ni sheria yenye faida, na si busara kuibeza. Tatizo ni namna inavyotumiwa mezani. Sheria imewekwa ili imzuie mwenye silaha kabla hajafyatua. Katika mjadala hutumiwa kumtafutia udhuru baada ya kufyatua. Wanachokihesabu ni miili iliyokwisha kuzikwa, na swali linalobaki ni kama bei ilikuwa ya haki. Wala hujasikia hata siku moja anayetaja bei hiyo akiwahesabu watoto wake mwenyewe ndani yake.

Kauli mbili za luninga, na Ijumaa moja ya Dar es Salaam

Wapo watakaosema kwamba haya ni maneno tu, na maneno hayaui. Sisi wakazi wa Dar es Salaam tunayo sababu ya kutokubali.

Mei 1996, Bi. Madeleine Albright, wakati huo balozi wa Marekani katika Umoja wa Mataifa, alihojiwa katika kipindi cha luninga kiitwacho 60 Minutes. Aliulizwa kuhusu vikwazo dhidi ya Iraq na taarifa kwamba watoto nusu milioni walikuwa wamekufa: je, bei hiyo ilistahili? Akajibu kwamba ni uamuzi mgumu sana, lakini wao wanaona bei hiyo ilistahili. Idadi yenyewe baadaye ilipingwa na watafiti, na Bi. Albright mwenyewe baadaye aliandika kwamba alijutia jibu lake. Lakini siku ile hakuikanusha idadi. Aliikubali, kisha akaipima.

Miaka miwili baadaye, Mei 1998, Osama bin Laden alihojiwa na televisheni ya Marekani ya ABC. Naye akasema kwamba wao hawatofautishi baina ya Mmarekani aliyevaa sare za kijeshi na raia. Wote ni walengwa.

Wawili hawa walikuwa maadui wa kufa na kuzikana. Hata hivyo, mtu akiziweka kauli zao kando kwa kando ataona zimekutana mahali pamoja: kwamba yupo binadamu asiyepigana ambaye damu yake inaweza kulipiwa lengo la mwingine.

Haikupita miezi mitatu. Siku ya Ijumaa, tarehe 7 Agosti 1998, saa nne na nusu hivi asubuhi, lori lenye bomu lililipuka nje ya ubalozi wa Marekani, Oysterbay, wilayani Kinondoni. Gari la maji lililokuwa langoni ndilo lililolizuia lori hilo lisikaribie jengo. Watu 11 walifariki na zaidi ya 80 walijeruhiwa. Miongoni mwa hao 11 hakuwamo Mmarekani hata mmoja. Walikuwa walinzi na watu wa kawaida waliotoka majumbani mwao alfajiri kwenda kutafuta riziki. Katika dakika hizo hizo, mjini Nairobi, mlipuko mwingine uliua zaidi ya watu 200. Wamarekani kati yao walikuwa 12.

Tarehe 20 Agosti, Marekani ikajibu kwa makombora. Mojawapo ya shabaha zake ilikuwa kiwanda cha dawa cha Al-Shifa, mjini Khartoum, ambacho ilidai kinahusika na silaha za kemikali. Ushahidi wa dai hilo ulitiliwa shaka na wataalamu wengi, wakiwemo Wamarekani wenyewe. Siku mbili kabla ya hapo, Bi. Albright, ambaye sasa alikuwa Waziri wa Mambo ya Nje, alikuwa amefika Dar es Salaam kutoa pole.

Wakati dunia ikijadili nani alimshinda nani, mlinzi wa Kitanzania alikuwa amekwisha kuwa bei ya pande zote. Na hata katika malipo, damu haikulingana. Mwaka 2021 Marekani ilithibitisha kupokea kutoka Sudan dola milioni 335 kwa ajili ya wahanga wa mashambulizi ya aina hiyo na familia zao. Wengi wa waliojeruhiwa Nairobi, ambao hawakuwa raia wa Marekani wala wafanyakazi wa ubalozi, wamelalamika kwa miaka mingi kwamba wameachwa kando. Ndivyo inavyokuwa pale thamani ya mtu inapotazamwa kwenye pasi yake ya kusafiria.

Sharia inaanzia wapi?

Hapa ndipo nilipotakiwa kumjibu bibi kwa elimu tuliyosomeshwa. Uislamu haukuja kwa watu wasiojua vita. Ulikuja kwa watu ambao kisasi cha mtu mmoja kiliweza kuendelea kwa vizazi. Katika Suratul Baqara, aya ya 190, Waislamu wanaruhusiwa kupigana na wanaowapiga vita, na papo hapo wanakatazwa kuvuka mipaka. Ruhusa na katazo vimeshuka katika aya moja.

Bukhari na Muslim wamepokea kutoka kwa Ibn Umar (r.a.) kwamba katika mojawapo ya vita alikutwa mwanamke ameuawa, na Mtume (s.a.w.) akakataza kuua wanawake na watoto. Katika mapokezi ya Abu Daud, alisema kwamba mwanamke yule hakuwa mtu wa kupigana, kisha akamtumia ujumbe Khalid bin Walid asiue mwanamke wala kibarua. Tuzingatie neno hilo: kibarua, mtu aliyeajiriwa kwa kazi yake ya mikono. Kwa lugha yetu ya leo ni mlinzi wa getini, dereva, mpishi, mfagiaji. Wale wa Oysterbay walikuwa wamekwisha kutajwa na kulindwa miaka elfu moja na mia tatu na zaidi kabla ya kuuawa.

Imam Malik naye amepokea wasia wa Sayyidna Abubakar (r.a.) kwa jeshi lililokuwa linakwenda Sham: wasiue mwanamke, mtoto wala mzee, wasikate miti yenye matunda, wasibomoe mahali panapokaliwa, wasichinje mnyama ila kwa chakula.

Uaminifu wa elimu unatutaka tuseme pia kwamba mafakihi walikutana na maswali magumu. Walijadili shambulio la usiku, ambapo mpiganaji hatofautishi nani ni nani. Walijadili manjaniki, mtambo wa kurusha mawe ambao hauchagui wa kumpiga. Walijadili hali ya adui anayewatanguliza mateka mbele yake kama ngao. Kwa hiyo mjadala wa luninga si mpya. Lakini tazama Imam Ghazali, katika kitabu chake Al-Mustasfa, alivyoufunga mlango huu wa ngao: sharti dharura iwe ya kweli, iwe ya yakini isiyo dhana, na iwe inahusu umma mzima usiangamie, si manufaa ya kundi au ya siku moja. Anayetaka kuupitia mlango huo na aoneshe funguo zote tatu.

Lakini jibu hasa la swali la bibi nimelikuta kwingine, katika Suratun Nisaa, aya ya 92. Aya hiyo inazungumzia kuua kwa bahati mbaya, bila kukusudia. Hukumu yake ni kuacha huru mtumwa Muumini na kuwalipa diya jamaa wa marehemu, isipokuwa wakisamehe. Hukumu hiyo imetajwa kwa Muumini, na ikatajwa pia kwa aliye katika watu ambao pana mkataba baina yao na Waislamu. Asiyeweza afunge miezi miwili mfululizo.

Hebu tafakari, ndugu msomaji. Kuua bila kukusudia kumewekewa toba ya siku sitini za saumu na deni kwa familia, na hapo aliyekufa ni mtu mmoja. Kwa hiyo msamiati wa Sharia hauna kifo kisichokusudiwa ambacho hakimdai mtu kitu. Idadi ikiwa kubwa, deni ni kubwa. Idadi ikiwa moja, deni lipo. Hakuna idadi ambayo mtu huondoka nayo mikono mitupu akasema, "vita ndivyo vilivyo."

Mizani iwe moja

Mpaka hapa wengi mtakuwa mmekubaliana nami, kwa sababu ni rahisi kumpimia mwingine. Sasa tujipimie wenyewe.

Baada ya Fat-hi Makka, Khalid bin Walid alitumwa kwa Bani Jadhima, na likatokea kosa: watu waliokwisha kusalimu amri wakauawa. Habari zilipofika, Mtume (s.a.w.) aliinua mikono yake akajitenga mbele ya Allah na alichokifanya Khalid. Hakusema kwamba na wao walitufanyia. Wapokezi wa sira wanasimulia kwamba alimtuma Sayyidna Ali (r.a.) na mali, akalipa diya za watu na hasara za vitu, hata chombo cha kunyweshea mbwa, kisha akawaongeza kilichobaki kwa tahadhari. Ni kosa la upande wake mwenyewe, na ni jemadari wake mwenyewe.

Kwa mizani hiyo tunasema bila kigugumizi kwamba kinachowapata watu wa Gaza ni dhulma kubwa. Kufikia mwisho wa Julai 2025, Wizara ya Afya ya Gaza ilikuwa imehesabu zaidi ya watu 60,000 waliouawa, na sehemu kubwa yao ni wanawake na watoto. Kwa mizani hiyo hiyo, raia waliouawa tarehe 7 Oktoba 2023 nao walikuwa raia. Siku ile waliuawa watu wapatao 1,200, na miongoni mwao walikuwamo vijana wawili wa Kitanzania waliokwenda Israel kujifunza kilimo. Hawakuwa askari. Walikuwa wanafunzi wenye majembe, na mama zao waliwalilia hapa hapa nchini. Mwislamu anayewalilia watoto wa Gaza na kunyamaza juu ya vijana wale, ajiulize kama analia kwa ajili ya haki au kwa ajili ya upande.

Jambo la pili ni lile lisilojadiliwa kabisa. Mwishoni mwa Januari 2025 mji wa Goma uliingiliwa na waasi wa M23, na watu wanaozungumza Kiswahili hiki hiki tunachokiandika wakakimbia na watoto mgongoni. Oktoba 2025, mji wa El Fasher, Darfur, uliangukia mikononi mwa wapiganaji wa RSF, na zikafuata habari za mauaji ya raia. Sudan ni Mwislamu anayemuua Mwislamu. Ni baraza gani letu lililokaa hadi usiku kwa ajili ya El Fasher? Aya ya nane ya Suratul Maida inatuamuru tusiache chuki ya watu ikatutoa kwenye uadilifu. Nadhani mapenzi nayo yanaweza kututoa, na uvivu pia.

Nyumbani kwetu

Mijadala hii haiishii barazani. Inaingia sebuleni na kwenye simu za watoto wetu. Kwa kuwa ukurasa huu ni wa familia, napendekeza mambo manne tuliyokubaliana katika darsa yetu.

Kwanza, watoto wadogo wasioneshwe picha za maiti kwa hoja ya kuwafunza huruma. Moyo wa mtoto ukizoea maiti haulainiki, unakufa ganzi. Aliyefariki naye ana heshima yake. Sisi tunaofunika maiti zetu kwa shuka tusisambaze za wenzetu zikiwa wazi.

Pili, kila habari ithibitishwe kabla ya kutumwa. Suratul Hujurat, aya ya sita, imetuamuru hivyo. Picha ya vita vya zamani ikipewa jina la vita vya leo ni uongo, hata kama dhulma inayosemwa ni ya kweli, na humpa dhalimu mahali pa kukanushia.

Tatu, mnapotazama mjadala pamoja na vijana, zimeni sauti kidogo na mwulizane: aliyekufa alikuwa anapigana? Ilichukuliwa tahadhari gani kabla? Nani anawajibika baada yake? Na je, ningesema hivi hivi kama angekuwa ni mtoto wa nyumba hii? Kijana aliyezoea maswali haya hawezi kuburuzwa na mwenye suti wala na mwenye kilemba. Tusisahau kwamba miongoni mwa waliohukumiwa kwa mlipuko wa 1998 walikuwamo vijana wa kwetu, waliosomea vyuoni kama vyetu. Kuna mtu aliwashawishi kwamba Ijumaa ile mlinzi wa getini hahesabiki.

Nne, dua zetu zisiwe na mipaka. Tunapoomba kwa ajili ya wanaodhulumiwa, tuwataje wa Gaza, wa Darfur na wa Goma, na tumwombee hidaya anayeua kwa jina letu.

Juma lililopita nilimpelekea bibi jibu lake nyumbani. Nilimwamkia, nikaketi kwenye mkeka, nikamweleza aya ya diya na kisa cha Bani Jadhima. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza kama kweli Sayyidna Ali alilipa hata chombo cha mbwa. Nikamwambia ndivyo wapokezi wa sira walivyosimulia.

"Basi hao wa kwenye luninga," akasema, "waambiwe waache kuhesabu, waanze kulipa."

Kisha akanikumbusha siku ile ya Mbagala. Alipofika Rangi Tatu na mtoto asiye wake, hakumwachia mkono kwa sababu ametambua si mjukuu wake. Alimnunulia maji, akakaa naye hadi mama yake alipotokea.

Allah (s.w.) ndiye Mjuzi zaidi.